Diski Shingoni: Michezo ya Lugha katika Madarasa ya Kenya

Michezo ya kufundishia lugha imeingia na kutoka katika shule za msingi za Kenya mara nyingi kuliko mawaziri wa elimu. Kila mtaala mpya huileta kwa vigelegele, na kila mtihani ukikaribia hurudishwa kabatini. Upo mmoja tu ambao haujawahi kutoka. Haumo katika silabasi yoyote, hakuna chuo cha ualimu kilichoufundisha, hakuna mkaguzi aliyewahi kuuandikia ripoti ya sifa. Hata hivyo, mkalishe pamoja aliyesoma Machakos miaka ya sitini na aliyesoma Bungoma miaka ya tisini, na watakueleza kanuni zake bila kupishana. Ni mchezo wa diski.

Nimefundisha madarasa ya chini, la kwanza hadi la tatu, tangu nilipotoka chuoni mwishoni mwa miaka ya sabini mpaka nilipokabidhi kabati langu na kwenda nyumbani Makueni. Wasomi wa chuo kikuu wameandika mengi kuhusu sera ya lugha katika elimu yetu. Mimi naiandika historia hiyo kwa upande wa michezo, maana ndiko nilikokaa.

Kwanza diski yenyewe, kwa wale wenye bahati ya kutoijua. Asubuhi mwalimu wa zamu humpa kiranja kitu fulani: kipande cha mbao, mfupa wa ng'ombe uliotobolewa na kutiwa kamba, au kifuniko cha debe la mafuta ya kupikia. Mtoto wa kwanza kusikika akisema lugha ya kwao huvishwa shingoni. Tangu hapo ana kazi moja tu, kumtafuta mwenzake wa kumpokeza. Atanyemelea nyuma ya choo, atajificha karibu na mfereji, atajifanya hasikii. Jioni, gwarideni, aliyenacho huitwa mbele. Naye humtaja aliyempa, huyo humtaja aliyempa yeye, mpaka mnyororo mzima umesimama mbele ya shule. Malipo ni viboko, au kufyeka nyasi, au kuteka maji ya kumwagilia maua ya mwalimu mkuu.

Katika shule niliyosoma tulikuwa na mbinu moja ya kishetani. Ukivaa diski, unakwenda kwa rafiki yako, unamkanyaga kidole cha mguu kwa kisigino. Tulikuwa tunatembea peku wengi wetu. Mtoto aliyekanyagwa hawezi kulia kwa Kiingereza, atalia Kikamba. Basi umepona, yeye ndiye mwenye diski, na urafiki umekwisha mpaka wiki ijayo.

Ukiuchunguza kwa jicho la mtengenezaji wa michezo, mchezo huu umebuniwa kwa akili nyingi. Kifaa hakigharimu senti. Mwalimu hahitajiki, kwa sababu watoto wenyewe ndio askari, mashahidi na washitakiwa. Unachezwa kuanzia kengele ya asubuhi hadi ya jioni, darasani na uwanjani, na hakuna anayeweza kukataa kucheza. Hizo ndizo sababu zilizoufanya ushinde mitaala yote. Kasoro yake ni kwamba haufundishi kitu kilichokusudiwa. Mtoto mwenye kuogopa diski hasemi Kiingereza, ananyamaza. Nilikuwa mmoja wao. Muhula mzima uwanjani nilijua kucheza bila kutoa sauti, na kwenye ripoti mwalimu akaandika kwamba mimi ni mtoto mtulivu.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o ameueleza mchezo huu katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, na kwa wengi wetu hapo ndipo tulipoona kwanza jambo la uwanja wetu limeandikwa. Anasimulia jinsi shule za Wagikuyu zilizokuwa huru zilivyochukuliwa na serikali baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwaka 1952, Kiingereza kikawekwa kitini, na kitufe kikaanza kuzunguka mikononi mwa watoto mpaka jioni. Kwake yeye, ubaya mkubwa ulikuwa kuwafundisha watoto kuwasaka wenzao na kuona kuna faida katika usaliti. Lakini mchezo ni wa kale kuliko shule zetu zote. Huko Wales, katika karne ya 19, watoto waliosikika wakisema Kiwelshi walivishwa kipande cha mti chenye herufi WN, kikapokezwa vivyo hivyo, na mwenye nacho mwisho akachapwa. Tume ya serikali ya Uingereza iliyokagua shule za Wales ilikitaja katika ripoti yake ya mwaka 1847. Bretagne, nchini Ufaransa, kifaa kilikuwa mara nyingi kiatu cha mbao kinachoning'inizwa shingoni. Kwa hiyo mtoto wa Bretagne, mtoto wa Wales na mtoto wa Limuru kwao Ngũgĩ wangeweza kuketi chini ya mti mmoja wakalinganisha alama za kamba.

Kabla ya hayo yote palikuwa na shule nyingine, ya jioni, isiyo na kengele. Wakamba na Wagikuyu tunaita ndai, Waswahili wanaita vitendawili. Wasomaji wa pwani wanaijua kanuni kuliko mimi, ila nairudia kwa sababu nataka kuonyesha ilivyoundwa. Mtegaji husema "Kitendawili!", wote huitikia "Tega!" Anatega: nyumba yangu haina mlango. Watu wanabahatisha, jiwe, kaburi, kibuyu, na kila jibu hupimwa kwa kicheko na kwa hoja. Wakishindwa, mtegaji hatoi jibu bure, hudai mji. "Nipe mji." Anapewa Machakos, anaukataa, mji gani huu wa vumbi. Anapewa Mombasa, anaukubali. Hapo ndipo raha ilipo: anasafiri. Nilikwenda Mombasa, nikapokewa vizuri, nikapikiwa wali, nikaoga bahari, na watu wa Mombasa wakaniambia jibu ni yai.

Mwalimu yeyote wa lugha akiitazama kanuni hiyo ataona kila anachokitafuta. Kuna mwito na kiitikio, kwa hiyo hata mwenye aibu anafungua kinywa pamoja na wenzake. Kuna swali ambalo jibu lake linaweza kubishaniwa, na kubisha ndiko kunakoita maneno. Kuna hadithi fupi ya kutunga papo hapo. Na aliyeshindwa hachapwi, analipa mji wa kuwaziwa ambao hata si wake.

Shule ilifanya nini na mali hii? Iliichukua, ikaitia kwenye orodha. Mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, ulipoanza mwaka 1985, lugha ya Kiswahili ilipimwa kwa maswali 50 ya kuchagua A, B, C au D, pamoja na insha, na kitendawili kikawa swali lenye jibu moja. Nilishuhudia watoto wa darasa la nane wakikariri vitendawili ukurasa kwa ukurasa, kushoto fumbo, kulia jibu, kama anayekariri namba za simu. Mtoto aliyesema "kaburi" badala ya "yai" alikosa alama. Mji haukudaiwa tena, kwa kuwa mji hauna nafasi kwenye karatasi ya kuchagua. Hadi KCPE ilipofanywa mara ya mwisho, mwaka 2023, sikuwahi kuliona swali lililomwomba mtoto atege kitendawili chake mwenyewe.

Nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1957 serikali ya kikoloni ilifungua Kituo Maalumu jijini Nairobi kutafuta njia ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Majaribio yalianza katika shule za watoto wa Kihindi, ambako darasa moja lingeweza kuwa na wasemaji wa Kigujarati, Kipunjabi na Kiurdu. Mpango ukaitwa New Primary Approach, nao uliegemea vitendo: watoto kukaa kwa vikundi, kushika vitu, kuimba, kuigiza, kuuza na kununua. Mara tu baada ya uhuru Tume ya Ominde, katika ripoti yake ya mwaka 1964, ikaunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu mwanzo, na mpango ukatawanyika nchi nzima kwa kasi kuliko walimu walivyoweza kuandaliwa.

Nilikuwa katika watoto wa mawimbi hayo. Darasa letu lilikuwa na duka pembeni: mikebe mitupu ya Kimbo, maboksi ya sabuni, vifuniko vya soda vikiwa pesa. Muuzaji alikuwa anabadilishwa kila siku na kila mtu alitaka zamu yake. Nikikumbuka Kiingereza changu cha kwanza chenye uhai, yaani sentensi niliyoisema kwa sababu nilihitaji kitu, kilitoka mbele ya ile mikebe. Na hapo hapo, nje ya mlango wa darasa hilo, diski ilikuwa inazunguka. Duka na diski vilitumwa kazi moja, na mwalimu mmoja alivisimamia vyote bila kuona ajabu yoyote. Tulipovuka darasa la tatu duka likabomolewa. Mbele yetu palikuwa na mtihani wa CPE, mtangulizi wa KCPE, na mikebe haitahiniwi.

Miaka ya sabini sina mengi ya kusema juu yake, kwa sababu michezo haikuwa na mahali pa kusimama. Mwaka 1974 karo ilifutwa kwa madarasa manne ya kwanza, na watoto wakaongezeka kwa takriban milioni moja kwa mkupuo. Lilikuwa jambo jema. Lakini vikundi vya watoto sita vikigeuka umati wa themanini, mwalimu hurudi kwenye silaha ya kale, kusema na kurudiwa. Mwaka 1976 ripoti ya Gachathi ikapendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia madarasa matatu ya kwanza. Ilipokelewa vizuri ofisini. Uwanjani, Kikamba bado kilikuwa kosa.

Jaribio nililolipenda kuliko yote lilikuja kwa redio. Kati ya mwaka 1982 na 1985 taasisi ya mitaala ya Kenya, kwa msaada wa Marekani, iliendesha vipindi vya Kiingereza vya nusu saa kila siku ya shule kwa darasa la kwanza hadi la tatu, katika shule chache za majaribio. Njia hiyo ilikuwa imejaribiwa kwanza Nicaragua kwa somo la hesabu. Redio haikuhutubia, ilicheza na watoto. Iliuliza swali, ikanyamaza sekunde chache, watoto wakajibu kwa sauti, ikaendelea kana kwamba imewasikia. Iliwaamuru wasimame, waguse kichwa, waonyeshe dirisha, waimbe. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa katika shule mojawapo alinipa kisa cha siku ambayo darasa zima lilijibu vibaya, redio ikawapongeza kwa furaha kubwa, na watoto wakamgeukia yeye kwa ushindi. Ilikuwa kasoro, ndiyo, lakini nakuulizeni, ni mwalimu gani mwingine wa Kiingereza aliyewahi kuwapongeza watoto wale mara nyingi hivyo kwa siku? Walipopimwa, watoto wa redio walifanya vizuri kuliko wenzao wasioisikiliza. Fedha za wafadhili zilipokwisha, mradi nao haukuenea nchi nzima. Betri zilibaki gharama ya shule, na shule zilikuwa na gharama nyingine.

Kisha ukaja mfumo wa elimu wa 8-4-4, mwaka 1985, na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa. Watu wa pwani huenda hawajui tetemeko hilo lilivyotupiga sisi wa bara. Kulikuwa na walimu ambao Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni na cha matatu, na asubuhi moja wakatakiwa wasimame mbele ya watoto wafundishe ngeli. Nami nilikuwa nasoma usiku ninachofundisha mchana. Nilichogundua upesi ni kwamba ngeli ubaoni ni jedwali la kuchosha, ila ngeli mkononi ni mchezo.

Nilichukua gunia la mahindi, nikatia vitu: kijiko, jiwe, ufunguo, karatasi, embe, mkufu wa shanga, kiatu cha mtoto wangu. Mtoto anatia mkono bila kuchungulia, anashika kitu kimoja, na kabla hajakitoa lazima aseme kukihusu. "Kijiko hiki ni changu." Akisema sawa, kinakuwa chake mpaka kengele ilie. Akisema "kijiko hii ni yangu", darasa linapiga kelele "Rudisha!", anakirudisha na kwenda nyuma ya mstari kungoja zamu nyingine. Hakuna nilichowahi kufundisha kilichoingia haraka hivyo. Tamaa ya kumiliki embe kwa dakika ishirini imewafunza watoto wa Kikamba upatanisho wa sarufi kuliko kitabu chochote nilichopewa. Shida ilikuwa embe, ambalo halikumaliza wiki.

Mwingine niliotumia sana sikuubuni, watoto walikuja nao kutoka nyumbani. Ni ule wa nyama. Kiongozi anaita wanyama mmoja mmoja kwa mahadhi, na wenzake wanaruka na kuitikia "nyama!" ikiwa mnyama analiwa. Ng'ombe, wanaruka. Mbuzi, wanaruka. Kuku, wanaruka. Kisha, bila kubadili sauti, kiongozi anasema fisi, na asiye makini anaruka peke yake juu kama samaki, darasa likianguka kwa vicheko. Hutoka nje ya duara, raundi ikiisha anarudi. Unaweza kuugeuza utakavyo. Nimeucheza na matunda, na vitu vinavyoruka, na vitenzi. Wakati mmoja uliniletea ugomvi, kwa kuwa katika darasa moja nilikuwa na watoto ambao kwao nguruwe ni kitoweo na wengine ambao kwao ni haramu, na pande zote mbili zilikuwa na haki. Mjadala uliofuata ulikuwa Kiswahili bora kabisa kuwahi kusemwa katika chumba kile.

Utaona kwamba mchezo wa nyama una mifupa ileile ya diski. Kuna kusikiliza kwa makini, kuna mtego, kuna kunaswa mbele ya wenzako. Tofauti yake ni moja, nayo ndiyo ninayoishikilia katika makala haya: aliyenaswa hurudi mchezoni. Raundi inayofuata anaanza sawa na wengine, hakumbukwi kwa kosa lake, na aliyemnasa hakupata faida yoyote isipokuwa kucheka naye. Katika gunia ni hivyo, katika kitendawili ni hivyo, katika duka la mikebe ni hivyo. Kwenye diski, anayenaswa hubeba kosa shingoni na dawa pekee ni kumwangusha mwingine. Hakuna anayejifunza lugha bila kukosea mara elfu, na mtoto akigundua kwamba kila kosa lina bei, ataacha kununua.

Kiswahili nacho kilipata nafasi ya kuchekesha katika mambo haya. Baada ya 1985 shule nyingi ziligawa wiki, siku nyingi za Kiingereza na moja au mbili za Kiswahili. Kwa hiyo Jumatatu Kiswahili kilikuwa mhalifu anayekamatwa pamoja na Kikamba, na Ijumaa kikawa polisi anayekikamata Kikamba. Wapo wapenzi wa Kiswahili, walimu wenzangu, waliolifurahia hilo, wakaona lugha yetu sasa imepata heshima ya kuwa na diski yake. Sikukubaliana nao wakati ule na sikubaliani nao sasa. Lugha inayolindwa kwa mfupa uwanjani huzaa watoto wanaoiandika vizuri kwenye insha na kuikimbia wakifika barabarani. Sheng ilistawi mijini miaka hiyo hiyo, na sishangai.

Mwaka 2003 elimu ya msingi ilifanywa bure tena, watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka, na wapo walimu waliopata darasa lenye zaidi ya watoto mia. Gunia halitoshi watoto mia. Nililigawa likawa mifuko ya karatasi, viongozi wa vikundi wakawa waamuzi, na kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba jirani yangu wa darasa la nne alikuwa akigonga ukuta. Mradi wa Tusome ulipoenea mwaka 2015, kila mtoto akiwa na kitabu chake cha Kiingereza na cha Kiswahili, kazi ya kusoma iliboreka, nami nausifu kwa hilo. Halafu mtaala wa umilisi, ulioanza nchi nzima madarasa ya chini mwaka 2019, ukarudisha duka la darasani. Wazazi walilalamika kwamba watoto wanadaiwa maboksi na mikebe kila wiki. Niliposikia malalamiko yale nilicheka, maana niliikumbuka mikebe ya Kimbo.

Kwa hiyo michezo imerudi tena, na safari hii imeandikwa katika mwongozo wa mwalimu. Nawatakia heri. Lakini nimekwisha kuyaona marejeo kadhaa, na kila mara kilichoua michezo mizuri kilikuwa umati darasani, fedha za mfadhili kuisha, au mtihani kukaribia. Diski haiuliwi na yoyote kati ya hayo. Inaweza kuuliwa na mtu mmoja tu, naye ni mwalimu mkuu.

Sheria ipo upande wake. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali iendeleze na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya mwili na pia mateso ya kisaikolojia kwa mwanafunzi. Mwalimu mkuu unayesoma haya, fungua droo ya meza ya mwalimu wa zamu. Ukikuta mbao, mfupa au kifuniko chenye kamba, kitoe kabla ya gwaride la Jumatatu, uwatangazie watoto kwamba kimetoka na hakitarudi, kisha umnunulie mwalimu wa darasa la kwanza gunia.